Mgonjwa Asiyesema: Je, Nia Njema Inatosha?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukiziweka kwenye meza moja hugombana. Ya kwanza ni usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya pili ni haraka haraka haina baraka. Darasani tulifundishwa kwamba kila methali ina mahali pake. Mhadhiri alipotuuliza tutajuaje kuwa hapa ni mahali pa kuziba ufa na pale ni mahali pa kuacha haraka, tulicheka tu, kila mmoja akiamini kwamba jambo lenyewe likimtokea atajua. Desemba iliyopita jambo lenyewe lilinitokea mimi, mbele ya tangi la kioo lenye lita 200 za maji ya chumvi, na sikujua. Kiumbe kimoja kilikufa mikononi mwangu, na mikono hiyo ilikuwa na nia njema.

Swali ninalotaka kulijibu katika insha hii ni hili: mtu aliyekabidhiwa kiumbe kisichoweza kusema kinaumwa wapi, akakidhuru alipokuwa akijaribu kukiponya, je, nia yake njema inamwondolea lawama? Jibu langu ni hapana, lakini sababu yangu leo si ile niliyokuwa nayo mwanzo. Mwanzo nilidhani kosa langu lilikuwa ujinga. Sasa naamini ujinga ulikuwa sehemu ndogo. Kosa kubwa ni kwamba nilipopanga kichwani orodha ya vitu vinavyoweza kuwa chanzo cha ugonjwa, sikujiweka mimi mwenyewe katika orodha hiyo.

Mjomba wangu alifanya kazi Mombasa kwa miaka 14 kabla ya kurudi Kampala. Alirudi na vitu viwili ambavyo jamaa zetu wa Mbale, ambao huzungumza Lugisu, hawakuvielewa: Kiswahili cha pwani, na mapenzi ya matumbawe. Kiswahili chake kilinifaa, kwa kuwa ndicho ninachosomea, na kwa sababu hiyo nilipewa chumba nyumbani kwake. Matumbawe aliyaweka sebuleni, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka baharini, katika maji aliyoyatengeneza mwenyewe kwa chumvi maalumu.

Watu wengi wakisikia neno matumbawe hufikiria mawe. Haya ya mjomba yalikuwa matumbawe laini, yaani wanyama wasiojenga jiwe. Mwili wao ni nyama iliyochanganyika na vijipande vidogo mno vya chokaa, na juu yake huchomoza vinywa vingi viitwavyo polipu, kila kimoja kikiwa na mikono minane. Ndani ya nyama hiyo huishi mwani wasioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Mjomba alikuwa nayo manne na aliyapa majina. Uyoga, wa jenasi ya Sarcophyton, alikuwa na shina nene na kofia pana. Vidole, wa jenasi ya Sinularia, alikuwa na matawi manene. Nyasi alitanda juu ya jiwe kama kapeti la kijani. Wa nne alikuwa Ngumi, wa jenasi ya Xenia, ambaye polipu zake hufumba na kufumbua mchana kutwa kama viganja vya mtoto mchanga. Nilimpenda Ngumi kuliko wote. Kila jioni nilikaa mbele yake na daftari langu.

Mjomba alipoitwa Juba kwa kazi ya siku 16, alinikabidhi tangi. Aliniambia: "Mpwa wangu, samaki wape chakula kidogo mara moja kwa siku. Taa zinajiwasha zenyewe. Kila asubuhi tia maji baridi mpaka yafike kwenye alama. Hii ni amana." Nikamjibu, "Sawa mjomba, nimesikia." Stoo kulikuwa na madumu manne ya lita 20, yote ya buluu, yote yakifanana. Nilichukua lile lililokuwa karibu na mlango. Nilipolionja kwa ncha ya kidole na kukuta ni chumvi, nilifurahi, kwa kuwa niliona inapatana na akili: tangi ni la bahari, basi hutiwa maji ya bahari. Na yalikuwa ya baridi, kwa sababu stoo haipati jua.

Msomaji aliyekulia pwani ameshaliona kosa langu. Huko maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Mimi pia nililijua hilo kwenye karatasi, maana tangu shule ya sekondari nimesoma kuhusu samaki wa maji baridi na sikuwahi kudhani kuwa ni samaki wanaotetemeka. Lakini nilipolisikia neno likitoka kinywani mwa mjomba, nalo likihusu dumu na asubuhi, nililipa maana ya jikoni kwetu. Nilisikia, sikuelewa, na wala sikuuliza. Kuuliza si ujinga, husema Waswahili, na mwanafunzi wa Kiswahili ndiye aliyeona aibu kuuliza.

Siku ya tano Uyoga alifumba polipu zake zote. Kofia yake, ambayo siku zote ilikuwa kama zulia lenye manyoya, ikawa laini na yenye kung'aa kama iliyopakwa nta. Siku ya sita hali ilikuwa ile ile. Nilitafuta picha kwenye simu, nikaona matumbawe yaliyooza, nikaamua: huyu anakufa. Hapo methali ya ufa ilinijia yenyewe. Jioni ile nilifanya mambo matatu kwa mkupuo. Nilipunguza nguvu ya pampu, nikiamini kwamba mkondo unamsumbua mgonjwa. Niliongeza mwanga wa taa. Kisha nikachukua chupa ya iodini kabatini, nikatia matone 20 mahali ambapo karatasi ya chupa ilitaka 10. Nililala nikiwa na amani ya mtu aliyetimiza wajibu.

Ni amani ile ninayotaka tuichunguze. Mwaka 1877 William Kingdon Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Anatoa mfano wa mwenye meli anayekaribia kuwasafirisha abiria wengi. Meli ni nzee na imekwisha kutengenezwa mara nyingi. Mashaka yanamjia, naye anayafukuza: mbona imesafiri salama miaka yote hii? Mwishowe anaamini kwa moyo mweupe kwamba meli ni nzima. Meli inazama. Clifford anasema mtu huyu ana hatia, na imani yake ya kweli haimtetei, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza: hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingebaki vile vile.

Nilipoisoma insha hiyo muhula uliopita niliona Clifford ni mkali mno. Baada ya Desemba naona alinisema mimi. Amani yangu ya usiku ule haikutokana na kumchunguza Uyoga, ilitokana na kuchoka kumtazama bila kufanya kitu. Anayetenda hupumzika kuliko anayesubiri, na mimi niliuita mpumziko huo huruma. Hata kama Uyoga angepona asubuhi iliyofuata, ningekuwa nimebahatisha kwa mwili usiokuwa wangu.

Wanaofuga matumbawe wana njia ya kuchunguza ambayo mjomba alinieleza baadaye, na naileta hapa kwa sababu ni falsafa kamili ingawa wao huiita desturi. Swali la kwanza ni: ni mmoja au ni wote? Akijifumba mmoja huku wengine wakiwa wazima, tafuta chanzo kwake yeye na kwa jirani zake. Huenda samaki anamdonoa. Huenda konokono mdogo asiye na gamba amejificha chini ya kofia yake na kumla. Huenda jirani amemkaribia mno, maana matumbawe laini hupigana kwa kemikali wanazozitoa majini, na ndiyo sababu wafugaji huweka mkaa wa kuchujia maji ndani ya kichujio. Wakijifumba wote, yatazame maji: chumvi, joto, amonia. Swali la pili ni: nini kimebadilika? Na kanuni inayofuata maswali hayo ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha kungoja, ili kama hali itakuwa njema au mbaya ujue ni kwa sababu gani.

Tukiipima kesi ya Uyoga kwa njia hiyo, siku ya sita ushahidi wote ulikuwa upande mmoja. Alikuwa peke yake. Nyama yake ilikuwa ngumu, haikuwa na harufu, haikuwa na tundu wala weusi. Tumbawe linalooza hulegea, hubadilika rangi na kunuka. Uyoga alikuwa akibambuka tu. Matumbawe ya jenasi yake hufanya hivyo kila baada ya muda: hujifumba siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, hutengeneza ngozi nyembamba kama nta, kisha huivua pamoja na uchafu na mwani ulioshika juu yake. Kinachowasaidia kuivua ni mkondo wa maji, ule ule nilioupunguza. Nilimnyima mtu maji ya kuoga kwa kuwa nilimwona amevua nguo.

Siku ya nane usiku mjomba alipiga simu. Wakati huo Vidole alikuwa amenywea, Nyasi amejifumba, na Ngumi ameacha kufumba na kufumbua, mikono yake ikining'inia. Nilimwambia kwamba matumbawe yanaumwa. Akauliza, "Ni mmoja au wote?" Nikasema wote. Akauliza, "Umebadilisha nini?" Nikasema, "Hakuna, mjomba." Akauliza, "Na maji unatia yapi?" Nikasema, "Yale uliyoniambia." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi usiguse kitu. Kesho asubuhi pima chumvi uniambie."

Jibu langu la tatu lilikuwa kosa, lakini nililitoa kwa uaminifu. La pili lilikuwa uongo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema uongo, na nadhani ni kwa kuwa swali lenyewe nililisikia kama mashtaka. Mjomba alikuwa akimtafuta mgonjwa, mimi nikadhani anamtafuta mkosaji. Kwa hiyo nilijilinda, na kwa kujilinda nilimnyang'anya mgonjwa daktari wake pekee. Matumbawe hayawezi kusema. Mimi niliyeweza kusema kwa niaba yao nilikuwa nimewageuza kuwa bubu mara mbili.

Asubuhi ya siku ya tisa sikupima. Kipima chumvi kilikuwa kwenye droo, na kazi yake haichukui dakika mbili: unaweka matone mawili ya maji juu ya kioo chake, unatazama kuelekea kwenye mwanga, unasoma mahali rangi ya buluu inapokutana na nyeupe. Nilijiambia kuwa nina kitabu cha kumaliza. Nikatia maji yangu ya kila siku, nikaondoka. Mwenye meli wa Clifford angenitambua.

Siku ya kumi nilimkuta Ngumi ameyeyuka. Sina neno jingine. Mahali pake palibaki ute wa kijivu juu ya jiwe, na samaki walikuwa wakiupita bila kuujali. Hapo ndipo nilipofungua droo. Maji ya bahari huwa na chumvi ya sehemu 35 kwa elfu, na ndicho kiwango cha tangi la mjomba. Mstari ulisimama kwenye 40. Nilikaa sakafuni na kalamu, nikapiga hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi angeiweza. Kila siku tangi lilipoteza lita 3 za maji kwa kugeuka mvuke. Maji hugeuka mvuke, chumvi hubaki. Mimi nilirudisha lita 3 za maji yenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Kwa siku tisa ni lita 27, yaani gramu 945, karibu kilo nzima ya chumvi ndani ya lita 200. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa kila asubuhi.

Nilimpigia mjomba nikamwambia yote: dumu, pampu, taa, matone 20, na uongo. Alinyamaza kwa muda uliotosha mimi kusikia magari ya Juba nyuma yake. Kisha akasema, "Haya. Sasa ndiyo tunaweza kuanza."

Sentensi hiyo ndiyo kiini cha insha hii. Nilikuwa nikidhani kwamba kukiri makosa ni jambo la baadaye, ni adabu inayofanywa baada ya mgonjwa kupona au kufa, ili tuliobaki tupatane. Mjomba alikuweka kukiri mwanzoni, kama sehemu ya vipimo. Mpaka nilipojitaja, hapakuwa na ugonjwa wowote uliotambuliwa, palikuwa na dalili tu. Nikasema basi kwamba kumtambua mgonjwa anaumwa nini ni tendo la maadili kabla ya kuwa tendo la ujuzi, hasa pale mgonjwa anapokuwa hana sauti. Mgonjwa anayesema anaweza kunisahihisha: nimekunywa dawa uliyonipa, nimezidiwa. Asiyesema hana la kufanya ila kunitegemea mimi nijisahihishe.

Baadhi ya wenzangu niliowasimulia walitoa pingamizi la haki. Walisema: tumbawe halina ubongo, lina nyuzi tu za fahamu zilizotandazwa mwilini kama wavu. Huenda haliumii kabisa. Peter Singer, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ukombozi wa wanyama, alijenga wajibu wetu kwa wanyama juu ya uwezo wao wa kuumia. Kama tumbawe haliumii, basi unalilia ute.

Sitajidai kuthibitisha kwamba Ngumi aliumia. Lakini mjomba hakunikabidhi maumivu, alinikabidhi amana. Anayepewa amana ya shamba la mihogo, akaliacha likauka kisha akadanganya, ana lawama ingawa muhogo hauna fahamu. Tena kuna hoja ya pili ambayo kwangu ina uzito zaidi. Tabia niliyoionyesha mbele ya tangi sikuiazima kwa ajili ya matumbawe. Ni tabia yangu. Ingekuwa ni mtoto mchanga mwenye homa badala ya Uyoga, ningetenda kwa pupa ile ile, na simu ya daktari ningeijibu kwa uongo ule ule. Kiumbe kidogo kisichosema kilinionyesha mimi ni nani kwa gharama ndogo kuliko ambayo mtoto angelipa. Gharama ndogo, lakini ililipwa na mwingine.

Pingamizi jingine ni gumu zaidi, na lilitoka kwangu mwenyewe. Baada ya simu ile nilianza kujilaumu kwa kila kitu. Niliamini nimemuua Ngumi kwa chumvi, na kwamba Uyoga naye alijifumba tangu mwanzo kwa sababu ya chumvi yangu. Kujilaumu kulinipa amani ya ajabu, na amani hiyo ikanishtua, kwa sababu niliijua. Ilikuwa ndugu ya ile ya usiku wa iodini. Nilikuwa nimeruka tena kutoka kwenye dalili hadi kwenye hukumu bila kupita kwenye ushahidi, isipokuwa mara hii mshtakiwa nilikuwa mimi. Kujiweka kwenye orodha ya washukiwa si sawa na kujihukumu. Ni kukubali kupimwa kama wengine.

Na vipimo havikuja vyote dhidi yangu. Kwa maelekezo ya mjomba nilirudisha pampu na taa kama zilivyokuwa, nikaweka mkaa mpya wa kuchujia, nikaacha iodini. Nilitaka kubadilisha maji yote siku hiyo hiyo. Alinikataza: "Ulipandisha kwa siku tisa, usishushe kwa saa moja. Utawaua waliobaki." Kila siku nilitoa lita 5 za maji ya tangi na kutia lita 5 za maji baridi, pamoja na maji baridi ya kufidia mvuke. Kila mara kipimo kilishuka kwa sehemu moja hivi: 39, 38, 37, 36, na siku ya kumi na nne kikawa 35. Siku ya kumi na tatu asubuhi nilikuta ngozi nyembamba ikielea kama karatasi ya nailoni iliyolowa, na chini yake Uyoga akianza kuchomoza polipu, moja hapa, moja pale. Hata katika maji yale mabaya alikuwa akiendelea na shughuli yake ya kubambuka. Sikuwa na ushahidi wowote kwamba ni mimi niliyemfumba.

Kwa Ngumi jibu sina, na nimelazimika kukubali kwamba sitalipata. Huenda ni chumvi. Huenda ni iodini. Huenda ni maji yaliyotulia baada ya pampu kupunguzwa. Huenda ni yote matatu. Ningekuwa nimebadilisha jambo moja tu, leo ningejua. Kwa pupa yangu sikumnyima uhai peke yake, nilimnyima hata sababu ya kufa kwake. Hili naliona kuwa dhara la kipekee la kutibu bila kutambua: huharibu ushahidi ambao ungemfaa mgonjwa anayefuata.

Nimetaja tangi moja, lakini lipo kubwa zaidi ambalo wote tunalitegemea. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa, kwa sababu joto likizidi huwatoa wale mwani wanaoishi ndani yake. Mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia iko katika upaukaji mkubwa wa nne. Baharini nako swali la mjomba, nini kimebadilika, lina jibu ambalo watu hupenda kuliruka: ni moshi wetu. Sisi wa Uganda tusio na pwani, tunaotoa moshi mdogo sana ukilinganisha na mataifa yenye viwanda vingi, tunaweza kusema hatumo kwenye orodha. Nadhani tumo, kwa kiasi chetu, na kipimo ndicho kinachopaswa kusema ni kiasi gani. Mwenye mkono mkubwa asijifiche nyuma ya neno "sote", na mwenye mkono mdogo asijifanye hana mkono.

Nirudi kwenye methali zangu mbili. Sasa naona hazigombani, ila zinazungumzia kazi mbili tofauti. Usipoziba ufa ni methali ya kutazama: dalili ikionekana, pima siku hiyo hiyo, uliza siku hiyo hiyo, jitaje siku hiyo hiyo. Haraka haina baraka ni methali ya kutibu: ukishajua, shuka sehemu moja kwa siku. Mimi niliziweka kinyume. Nilikuwa mwepesi wa dawa na mzito wa kipimo. Nia njema haikunisaidia kuzipanga, kwa sababu nia njema haina macho. Inahitaji kuongozwa na mtu aliye tayari kuambiwa kuwa ni yeye.

Mjomba alirudi siku ya kumi na saba. Nilimpokea mzigo, nikamsimulia tena yote mbele ya tangi, nikiwa nimesimama. Alilitazama jiwe la Ngumi kwa muda, kisha akaenda stoo. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya madumu na kalamu ya wino mzito, akiandika ubavuni: CHUMVI, CHUMVI, BARIDI, BARIDI. Alipofika kwenye lile la mwisho alisimama, akafuta neno, akaandika upya: HAYANA CHUMVI.

"Miaka 14 Mombasa," akasema bila kugeuka. "Nilisahau kwamba huku kwetu baridi ni baridi. Na mimi nimo, mpwa wangu."